Ziara ya Saa Kumi

Basi lilikuwa limeshaiacha basilika ya Koekelberg, Brussels, nyuma na kuingia barabara kuu, ndipo maman Pétronille aliposimama kando ya dereva, akapuliza kipaza sauti mara mbili, na kutangaza kwamba hawaendi tena baharini.

"Bandugu, musikilize. Ku Ostende mvua iko nanyesha tangu jana, na météo inasema itanyesha mpaka kesho. Alors, comité tumeamua twende fasi ingine. Tunaenda ku château. Château de Hautevigne. Iko na bustani, iko na maji, iko na samaki mu maji. Na kuingia iko ndani ya zile quinze euros mulishalipa."

Wengine walipiga makofi. Wale waliobeba taulo na kofia za jua walinung'unika kidogo, kisha wakanyamaza. Maman Pétronille alikuwa ameuza vitenge katika barabara ya Chaussée de Wavre kwa miaka kumi na mitano, na katika kikundi chote cha parokia hakuna aliyekumbuka kumshinda kwa maneno.

Régine hakupiga makofi wala kunung'unika. Alikuwa amekaa dirishani, bakuli la mandazi magotini, na alipolisikia lile jina la Hautevigne akalikamata bakuli kwa mikono miwili. Binti yake Jémima alikuwa huko huko Hautevigne wakati ule.

Jémima alikuwa mtoto wa pekee wa Régine na mumewe Rigobert, miaka ishirini na mmoja. Asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani kwao Anderlecht saa moja kamili, begi mgongoni, na baba yake alikuwa amemfungia mkate wenye jibini wa kula maktabani. Rigobert alijua kwamba binti yake yuko mwaka wa pili wa udaktari na kwamba kila Jumamosi anashinda maktabani. Régine alijua mengine. Alijua kwamba Jémima alishindwa mtihani wa mwaka wa kwanza, akaacha udaktari, akajiandikisha katika shule ya utalii, na kwamba Jumamosi zake alikuwa akizimaliza kwa kutembeza wageni ndani ya kasri moja la mashambani. Alikuwa ameyajua tangu Januari, na alikuwa ameahidi kumwambia mumewe baada ya Pasaka. Pasaka ikapita. Pentekoste nayo ikapita. Sasa ilikuwa mwisho wa Mei, mwaka 2013, na mumewe alikuwa kando yake, amevaa koti lake zuri la kahawia, akizungumza na rafiki yake Donat aliyekaa upande wa pili wa njia.

"Na docteur yetu, hakuya?" Donat aliuliza.

"Docteur anasoma," Rigobert alisema. "Mitihani iko mu wiki mbili. Leo asubuhi nilimuuliza, mifupa ya mukono, tangu kifundo mpaka ku vidole, iko ngapi? Akaniambia, papa, train inaniacha."

"Na iko ngapi?"

"Vingt-sept." Rigobert aliitaja ile ishirini na saba haraka, kwa raha. "Huit mu kifundo, cinq mu kiganja, quatorze mu vidole."

Huko Bukavu, Kongo, Rigobert alikuwa muuguzi. Huku Brussels alisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa, kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji na kurudi, na alizifahamu lifti za hospitali ile kuliko mtu yeyote.

Régine alitoa simu mkobani na kuishika kando ya paja ili isionekane. Akapiga. Simu ya Jémima ilikuwa imezimwa. Akaandika ujumbe: "Tuko nakuja kwako na basi ya paroisse. Papa yako iko ndani. Ujifiche." Akangoja. Hakuna jibu.

"Papa Jémi," aliita.

"Eeh?"

"Niko na kitu nataka kukuambia."

"Sema."

Watu wa viti vya nyuma walikuwa wameanza kuimba, na mtu alikuwa ameleta ngoma ndogo. Rigobert akageuza shingo, akacheka, akaanza kupiga makofi kwa mapigo ya ngoma.

"Utaniambia kule," alisema. "Leo tumetoka kwa kufurahi, maman."

Régine akalifunga bakuli. Hakuonja andazi hata moja.

*

Kasri la Hautevigne lilisimama mwisho wa njia ndefu yenye miti pande zote mbili. Lilikuwa na paa la vigae vyeusi, madirisha marefu, na bwawa ambamo kweli kulikuwa na samaki wanene wa rangi ya chungwa. Mawingu yalikuwa yameanza kupasuka, na jua lilipoangukia maua ya mbele ya nyumba, watu walishuka basini wakisema "oooh" kwa sauti moja. Simu zikatolewa na picha zikaanza.

Mlangoni, mwanamke wa tiketi alilitazama kundi lile la watu thelathini na wanane, vitenge, suti na masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa, kisha akaangalia daftari lake. Aliuliza kwa Kifaransa cha polepole sana, akitamka kila neno peke yake, kama walikuwa na nafasi iliyoandikwa, na nani ndiye msimamizi wao. Msimamizi wao wa kweli, yaani, wa kutoka parokiani.

"Ni mimi, madame," alijibu maman Pétronille kwa Kifaransa cha mbio. "Tulizungumza jana kwa simu, wewe na mimi, dakika ishirini. Ulinieleza habari za mguu wa mume wako."

Mwanamke akawa mwekundu, akaliona jina daftarini, akatoa tiketi. Aliwagawa makundi mawili. La kwanza lingeingia mara moja, la pili baada ya dakika ishirini.

Régine alisubiri mpaka mumewe alipoenda kutazama samaki, akamsogelea yule mwanamke.

"Samahani, madame. Mademoiselle Jémima anafanya kazi leo?"

"Jémima? Ndiyo. Yeye ndiye anayechukua kundi la kwanza."

"Na la pili?"

"La pili ni la Monsieur Jean-Pierre."

Régine alishukuru mara tatu. Akatoka mbio, akamkamata Rigobert mkono wakati huo huo maman Pétronille akiwaita watu wa kundi la kwanza.

"Twende kwanza kuona maua," alimwambia. "Tutaingia na ba pili."

"Lakini Donat anaingia."

"Donat anaweza kuingia bila wewe. Kila siku ku kazi niko nasafisha bazee ba bantu, leo uniongoze ku maua."

Rigobert alimtazama mkewe kwa mshangao mwema. Miaka mingi ilikuwa imepita bila Régine kumwomba jambo kama lile. Akakunja kiwiko, Régine akapitisha mkono wake hapo, wakatembea kati ya mawaridi kama watu waliotoka kufunga ndoa. Rigobert akaokota petali moja na kumwekea mkewe begani. Régine alitamani kulia. Kama mambo yangekwisha hivyo, aliwaza, kundi la kwanza liingie na kutoka, watu wapate kula, warudi nyumbani, basi Jumapili hii hii angemwambia yote. Aliapa moyoni.

*

Monsieur Jean-Pierre alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo na tarehe nyingi. Alitaja mwaka wa kila ukuta. Katika ukumbi mkubwa watu walimsikiliza kwa heshima. Katika maktaba walianza kuegemea milango. Katika chumba cha kulia mtu mmoja akapiga miayo. Rigobert peke yake alibaki mbele, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kila tarehe.

Kisha mzee yule akawashusha kwenye ngazi nyembamba za kwenda chini, ambako zamani yalikuwa majiko. Walipofika katikati ya ngazi wakasikia kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wengi, na baada yake sauti ya msichana ikisema Kiswahili.

"...Hii kengele ya kwanza ni ya chumba ya madame la comtesse, bibi wa nyumba. Akivuta kamba kule juu, huku chini inalia. Boyi anapanda ngazi themanini na mbili, quatre-vingt-deux marches. Anauliza, madame anataka nini? Madame anamuambia, funga dirisha. Boyi anafunga, anashuka. Bado hajafika hapa, kengele inalia tena."

"Sasa anataka nini?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Anataka dirisha ifunguliwe."

Kicheko kikalipuka tena. Katika kicheko kile sauti ya kizee ikapenya, sauti ya maman Mbombo, aliyetoka Likasi na kupita miaka themanini: "Weee! Kumbe bazungu nabo balikuwa na maboyi bazungu?"

"Balikuwa nabo, maman. Bengi. Balilala kule chini ya paa, bane-bane mu chumba moja."

Watu wa kundi la pili hawakungoja tena. Walimpita Monsieur Jean-Pierre kulia na kushoto, wakiomba radhi, wakashuka kwenda kusikia. Rigobert alisukumwa pamoja nao. Régine alimshika koti kwa nyuma, lakini kitambaa kilimteleza.

Jémima alikuwa amesimama chini ya ubao mrefu wenye kengele kumi na nne, amevaa sketi ya buluu na skafu ya kijani, kitambulisho kifuani. Mkono wake ulikuwa bado umeinuliwa kuonyesha kengele ya pili. Alimwona baba yake. Mkono ukabaki pale pale hewani.

"Papa Jémi!" maman Pétronille alipaza sauti. "Ni vile unatuficha? Mutoto iko nafanya kazi fasi ya kupendeza namna hii, na hausemi kitu?"

"Na udaktari?" Donat aliuliza.

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. Lakini baada ya swali lile macho yote yakamgeukia Rigobert. Yeye alimtazama binti yake kuanzia viatu mpaka skafu. Kisha akamwambia aendelee, kwa Kifaransa, kwa ile "vous" ya adabu ambayo mtu huwapa wageni:

"Continuez, mademoiselle."

Akageuka, akapanda ngazi, na kila mtu akazihesabu hatua zake mpaka zilipokwisha.

Jémima alimsogelea mama yake. "Maman, nimufuate?" alinong'ona.

"Apana. Bantu banakungoja. Maliza kazi yako."

"Na wewe?"

Régine aliangalia ngazi, akaangalia uso wa mwanawe. Alijua kwamba kama naye angetoka, msichana yule angeanguka pale pale chini ya kengele. Akavuta pumzi, akaenda kusimama kando ya maman Mbombo.

"Mimi sijasikia ya kengele ya pili," alisema.

*

Alimkuta mumewe kwenye benchi la mawe, mbali na nyumba, akitazama mtunza bustani aliyekuwa akikata ua kwa mkasi mrefu. Akakaa, lakini si karibu sana.

"Ulijua?" Rigobert aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Janvier."

"Janvier." Alihesabu kwa vidole, akafika vitano, akauacha mkono wazi juu ya goti. "Miezi mitano mulikuwa mbili mu nyumba, na mimi peke yangu upande ingine. Nilikuwa namufungia mikate, Régine. Ya maktaba."

"Aliikula. Kila Jumamosi aliikula."

"Usinichekeshe."

"Sichekeshi."

Kisha maneno yakaanza kumtoka Rigobert bila mpango. Alikuwa amemwambia muuguzi mkuu wa wodi ya nne. Alikuwa amemwambia bwana mmoja wa upasuaji, aliyemjibu kwa tabasamu: mlete, akifika mwaka wa nne tutamtafutia nafasi ya mafunzo. Alikuwa ameshaona siku ile itakavyokuwa. Yeye akisukuma kitanda, lifti ifunguke, na ndani awemo Jémima na koti jeupe. Wasisemeshane hata neno. Wasalimiane kwa kichwa tu, kama watu wa kazi moja.

"Sasa nitabaambia nini?"

"Utabaambia mutoto alijaribu, akashindwa."

"Angeniambia! Ningemusaidia. Ile anatomie niko naijua yote."

"Ndiyo vile," Régine alisema. "Wewe unaijua. Kila dimanche, tukitoka ku misa, ni wewe ulikuwa nafungua kitabu yake, ni wewe ulikuwa nauliza, ni wewe ulikuwa najibu. Yeye alikuwa anakuangalia tu. Papa Jémi, ni wewe ulikuwa nasoma udaktari mu ile nyumba."

Mtunza bustani alikuwa amefika mwisho wa ua, akarudi nyuma hatua chache kuangalia kama umenyooka.

"Alilia Noël yote," Régine aliendelea. "Ulidhani ni mafua. Aliniambia, maman, papa akijua, atakuwa tena muntu wa kusukuma vitanda tu. Ndiyo sababu alinyamaza. Na mimi nilinyamaza juu nilikuwa naogopa. Iyo ni kosa yangu, sitaki kuipunguza."

"Alisema vile? Muntu wa kusukuma vitanda?"

"Hakusema kwa kukuzarau. Alisema kwa kukulilia."

Kengele ya kanisa la kijiji ililia saa sita na nusu. Kutoka upande wa bwawa maman Pétronille alikuwa akiita watu waje kula.

*

Walikuwa wametandika vitenge kwenye nyasi mbele ya nyumba. Masufuria yalifunguliwa, kuku, sombe ya majani ya muhogo, wali, ndizi za kukaanga, na harufu ikaenea mpaka kwenye mawaridi. Rigobert hakutaka kula. Alikuja kwa sababu kukaa peke yake kungewapa watu maneno zaidi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walimpa sahani iliyojaa kuliko za wengine, na hilo lilimuumiza kuliko swali.

Hakuwa amemeza tonge la pili alipoona viatu vyeusi mbele yake. Alikuwa mlinzi, kijana mpana mwenye redio kiunoni. Kati ya watu wote pale alimchagua yeye, labda kwa sababu ya koti la kahawia.

"Hapa hakuliwi," alimwambia kwa Kifaransa. "Kuna bango pale. Hujui kusoma, wewe? Kusanya vitu vyako."

Alimwita "tu", kama aitwavyo mtoto au mbwa. Rigobert alikuwa amekizoea kile "tu" katika lifti na korido, lakini hapa mkewe alikuwa akitazama, na kikundi kizima cha parokia. Aliweka sahani chini, akaanza kuinuka, goti moja likimsumbua.

Jémima alitokea upande wa mlango wa jikoni, akitembea haraka, skafu imepinda. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mlinzi.

"Kuna tatizo gani?"

"Hawa wanakula kwenye nyasi. Nimemwambia huyu..."

"Huyu ni baba yangu," Jémima alisema. Alisema kwa sauti ya kazi, ile ya kufika mpaka mwisho wa chumba. "Na yule ni mama yangu. Baba yangu unamwambia vous."

Mlinzi alimtazama Jémima, akamtazama Rigobert. Akavua kofia. "Pardon, monsieur," alisema. "Sikujua... Nyuma ya ile nyumba ya vioo kuna meza. Hakuna anayezitumia leo. Niwasaidie kubeba?"

"Beba ile sufuria kubwa," maman Pétronille alimwambia kabla hajabadili nia. "Ushike na chini, ni ya moto."

Watu wakainuka wakicheka, wakibeba sahani na vitenge. Katika vurugu ile Jémima alibaki amesimama mbele ya baba yake. Rigobert alikuwa bado ameegemea goti lake. Jémima alimpa mkono, baba akaushika, akainuka.

"Papa," alisema.

"Rudi ku kazi," Rigobert alimjibu kwa Kiswahili. "Shefu yako asikutafute."

Hakusema zaidi. Lakini safari hii alikuwa amesema naye kwa "wewe", si kwa ile "vous" ya asubuhi, na Jémima akarudi mlangoni akijipangusa macho kwa ncha ya skafu.

*

Kwenye meza za nyuma ya nyumba ya vioo maman Mbombo alimketisha Rigobert ubavuni, akamla kuku wake na wa jirani yake, huku akisimulia. Hakuwa anamliwaza mtu. Alikuwa na habari na alitaka kuzitoa.

"Mi miko mu hii inchi miaka kumi na nane," alisema. "Bantu bananipeleka huku, bananipeleka kule, ku musée, ku kanisa ya kale. Kila fasi muzungu anasema, anasema, na mi minatikisa kichwa tu. Minarudia ku nyumba, mutoto ananiuliza, maman, uliona nini? Minasema, niliona viti. Leo nilisikia! Ile jino ya tembo, uliiona, kule juu?"

"Niliiona," alisema Rigobert. Monsieur Jean-Pierre alikuwa ametaja urefu wake.

"Mutoto alituambia ilitoka wapi, na ilibebwa na nani, na babebaji balilipwa nini."

"Balilipwa nini?"

"Chumvi." Maman Mbombo alivunja mfupa. "Alisema pale pale, mbele ya ile picha ya bwana wa nyumba na mustachi yake chini ya pua. Hakuogopa. Mi nilimuangalia ule bwana mu macho, nikamuambia, umesikia? Na ile ya mupishi aliyekimbia na mufundi wa saa, alishakuambia?"

"Apana."

"Aa! Na ya bibi aliyekuwa analala na mbwa saba?"

"Hata iyo."

"Sasa wewe ulisikia nini?" maman Mbombo alimuuliza kwa huruma ya kweli.

Meza nzima ilikuwa ikisimuliana habari za mpishi na fundi saa. Donat alikuwa akiigiza namna boyi alivyopanda ngazi, akihema, na watu walicheka mpaka mtu akapaliwa na wali. Hata Régine alikuwa akicheka, mkono mdomoni. Watu wote wale, aliona Rigobert, walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na kilikuwa kimetoka kinywani mwa mtoto wake.

Saa kumi kasoro robo dereva alipiga honi. Watu walikusanya masufuria na kuanza kupanda basi. Rigobert aliandamana na mkewe mpaka kwenye ngazi ya basi, akamkabidhi bakuli, akarudi nyuma.

"Unaenda wapi?" Régine alishtuka.

"Kuna visite ingine, ya saa kumi, quatre heures. Mimi sikuona ile nyumba."

"Na basi?"

"Muende. Nitarudi na train."

"Nibakie na wewe."

"Wewe ulisikia," alisema Rigobert. "Rudisha masufuria."

Maman Pétronille alichungulia dirishani kuuliza kama kuna mtu mgonjwa. Régine alimwambia hapana, hakuna mgonjwa, waende tu. Alikaa kwenye kiti chake, akaweka bakuli kwenye kiti cha mumewe, akatambua kwamba ana njaa.

*

Mwanamke wa tiketi alimtambua kwa koti.

"Kundi lenu limeshaingia, bwana."

"Mimi sijaingia," Rigobert alisema. Akalipa euro kumi, akasubiri risiti.

Walikuwa watu tisa: wazee wanne wa Kiflemi kutoka kaskazini mwa Ubelgiji wenye viatu vya kutembelea, mama mmoja na mabinti wawili, kijana mwenye kamera kubwa, na yeye. Jémima alikuja ukumbini, akafungua mdomo kuwakaribisha, akamwona amesimama nyuma ya wote. Akainyoosha skafu yake. Kisha akasema, "Mesdames, messieurs, karibuni," na kuanza.

Rigobert alimfuata chumba kwa chumba bila kukaribia. Mwanzoni alikuwa akimtazama tu, hasikii. Alimwona hana karatasi mkononi. Alimwona akimngoja mzee wa mwisho afike kabla ya kusema, bila kuonyesha kwamba anangoja. Mzee mmoja aliuliza kitu kwa Kiflemi, na Jémima akamjibu kwa Kiflemi, kirefu, na wote wanne wakacheka. Rigobert hakuwahi kumsikia binti yake akichekesha watu kwa Kiflemi. Hakujua hata kwamba anakiweza. Wakati ule ndipo alipoanza kusikiliza.

Mbele ya jino la tembo Jémima aliyasema yale yale aliyoyasema asubuhi, mbele ya picha ile ile, kwa wazee wale wa Kiflemi. Hakupunguza kitu. Mmoja wao aliangalia viatu vyake. Mwingine aliuliza swali zuri, akajibiwa vizuri.

Chini, kwenye kengele, Jémima aliruhusu mmoja wa mabinti wadogo avute kamba. Kengele ikalia, nyembamba na kali, na Rigobert akacheka peke yake kabla hadithi haijafika panapochekesha, kwa sababu alikuwa ameshaisikia ngazini. Jémima alimtazama. Akaimaliza hadithi akimtazama yeye.

*

Kutoka kasri mpaka kituo cha treni ni mwendo wa nusu saa, kando ya mashamba. Walitembea bila haraka, Jémima bila skafu sasa, viatu vya kazi mkononi na raba miguuni. Jioni ilikuwa ya manjano na ndege walikuwa na kelele.

"Niko bado na hasira," Rigobert alisema walipopita nyumba ya mwisho ya kijiji.

"Ninajua, papa."

"Itadumu."

"Ninajua."

"Si juu ya mutihani. Muntu anaweza kushindwa. Ni juu ya ile miezi yote ya kunificha."

"Unisamehe."

"Nitakuambia siku nitasamehe. Usiniulize kila siku." Alitembea hatua kadhaa. "Ile masomo yako, iko miaka ngapi?"

"Trois, miaka tatu. Niko mu ya kwanza."

"Na mitihani?"

"Mu wiki mbili. Iyo sikudanganya."

Rigobert alitoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko. Kituo kilikuwa jukwaa moja tu, benchi moja, na saa ya ukutani. Waliketi. Treni ya kwenda Brussels ilikuwa imebakiza dakika ishirini na tano kufika.

"Papa," Jémima aliuliza, akitazama reli. "Ilikuwa muzuri?"

"Ya Kifaransa ilikuwa muzuri sana," alisema Rigobert. "Lakini asubuhi, bale bantu yangu, balisikia ingine. Maman Mbombo aliniambia kuna mupishi alikimbia na mufundi wa saa. Sikusikia mupishi."

"Iyo siiwekake mu Kifaransa. Shefu hapendi."

"Basi, unielezee na Kiswahili. Tangu ku mulango. Usiruke chumba."

"Yote? Train iko karibu."

"Kuna ingine nyuma yake."

Jémima aliweka begi chini. Alisimama kwenye jukwaa mbele ya benchi, akanyoosha sketi yake, akasafisha koo.

"Bon," alisema. "Papa, karibu ku Château de Hautevigne. Uangalie kwanza kule juu, ku paa."

"Niko naangalia," alisema Rigobert, na kweli akainua uso.